Koti Lililosimamia Korongo

Haneti, Dodoma
Jumapili, baada ya alasiri

Mama Zuhura,

Kwa heshima na taadhima napenda kukutangazia rasmi, wewe, kuku wako wote, na yule mbuzi wa jirani anayejihesabu wa kwetu, kwamba mumeo sasa ni mmiliki wa koti. Si koti la kuvaa msibani. Ni la rangi ya chungwa, chungwa lililoiva hasa, lina mistari inayong'aa ukilimulika, na mgongoni limeandikwa maneno makubwa ya lugha nisiyoijua. Nililikuta katikati ya belo la mitumba, na mfukoni mwake mlikuwa na filimbi. Inaelekea huko linakotoka watu wanatoa nguo bila kupekua mifuko. Nimelitanguliza tangazo hili kwa sababu yote nitakayokueleza yaliletwa na koti hilo, au ndivyo nilivyokuwa nikijiambia.

Assalaam alaykum. Kifua chako kinaendeleaje na baridi ya asubuhi ya huko Lushoto? Paa la jikoni limestahimili mvua? Mimi ni mzima wa mwili. Nakuuliza hali huku nikijua kwamba hali uliyo nayo sasa nimeisababisha mimi, lakini siwezi kuingia kwenye barua bila hodi, hasa barua hii.

Shekiondo, dereva wa lori la kabichi, alinikuta jana Dodoma sokoni akanipa salamu zako. Zilikuwa fupi.

"Amesema nikwambie harusi imekwisha."

"Hakuna zaidi?"

"Akaniuliza kama nataka chai."

Hapo nikajua nimekwisha na mimi. Ungekuwa umetukana ningepata nafuu. Shekiondo akaongeza, bila mimi kumwomba, kwamba kaka yangu Athumani ndiye aliyeozesha, na kwamba Zuhura alikaa barazani na nguo zake za harusi akiuliza kila gari lililopanda kama limetokea Mombo, mpaka shekhe akasema wakati hauwezi kungoja. Binti yangu aliniandikia mwenyewe, kwa mkono wake, kwamba hataki kukabidhiwa na mtu mwingine wakati baba yake yuko hai. Nilikuwa hai, Mama Zuhura. Ijumaa ile nilikuwa hai kabisa.

Wewe ulipata simu yangu ya maandishi siku ya pili yake: KORONGO LIMEFURIKA NIMEKWAMA. Maneno matatu. Nataka nikueleze kila neno kwa zamu yake, kwa kuwa posta wanabana maneno na mimi nikatumia ubahili wao kujificha.

Korongo kwanza. Wewe umezoea mito ya milimani, ambayo tabia yake inajulikana mwaka mzima. Mto wa huku ni mchanga. Watu wanapita na baiskeli, mbuzi wanalala humo, akina mama wanachimba kwa mikono kupata maji ya kupikia. Halafu mvua inanyesha mbali, mahali ambapo wewe huoni hata wingu, na mto unakuja wenyewe na magogo yake, unakaa saa chache, unaondoka. Ndiyo maana mabasi ya huku yana desturi: basi likifika korongoni, wanaume wanashuka ili kulipunguzia uzito na kuvuka mchanga kwa miguu. Akina mama, wazee na wagonjwa wanabaki ndani.

Jumanne ile nilitoka Haneti asubuhi, siku moja baada ya mnada, sufuria za Zuhura zimefungwa ndani ya gunia juu ya basi, seti nzima na vifuniko vyake. Koti nilikuwa nimelivaa kwa sababu upande wa Kondoa kulikuwa kweusi. Tulipofika korongoni nikashuka na wenzangu, nikavuka na viatu vikavu, nikasimama ukingo wa pili. Likumbuke hilo. Nilikuwa tayari upande wa kuja nyumbani.

Sasa kufurika. Mzee Hamisi, dereva wetu, aliliingiza basi mchangani vizuri tu, lakini katikati magurudumu ya nyuma yakaanza kuchimba. Akashuka akayatazama kama mtu anayemtazama ng'ombe aliyekataa kuinuka. Ndipo tukasikia mngurumo, kama lori linalokuja mahali pasipo barabara. Maji yalitokea kwenye kona, ya rangi ya chai ya maziwa, yakisukuma matawi na kandambili moja. Hamisi akarudi ndani haraka. Kabla hatujamaliza kumwita Mungu, basi lilikuwa kisiwa.

Pale ukingoni hakuna aliyefanya kosa la kukaa kimya. Mmoja anasema washukie dirishani, mwingine anasema wapande juu ya keria, wa tatu anamwamuru Hamisi awashe gari, wa nne anamkataza. Kulikuwa na mzee mmoja aliyekuwa akiyaamuru maji. Ndani ya basi wanawake walikuwa wakitoa watoto madirishani na kuwarudisha ndani tena, kulingana na sauti iliyokuwa kubwa wakati huo.

Mtendaji wa Kata ya pale tulikuwa naye safarini. Alinyoosha suti yake, akainua mkono.

"Ndugu wananchi, tusifanye mambo kiholela. Kwanza tupate mwenyekiti."

"Mwenyekiti wa chama gani?" kijana mmoja akauliza.

"Wa korongo."

"Msije mkatuingizia mambo yenu ya chama kimoja. Siku hizi ni vingi."

Wakabishana kama mwenyekiti achaguliwe kwa kunyoosha mikono au kwa namna nyingine. Maji yalifika kwenye ngazi ya basi wakati mtu mmoja akisimama kuunga mkono hoja. Sikucheka, ingawa ningekuwa nimesimuliwa ningecheka. Hivi ndivyo tulivyolelewa sote. Hata kuchimba choo cha shule tulianza na mwenyekiti, katibu na mweka hazina.

Halafu mtu akaliona koti.

"Huyu si mtu wa maafa huyu? Tazama mgongoni, imeandikwa."

"Imeandikwaje?"

"Kwani ukiisoma maji yatapungua?"

Nikasema, "Jamani, mimi nauza mitumba."

Mzee aliyekuwa akiyaamuru maji akanigeukia. "Siku hizi hata serikali inauza, tena kila kitu. Toa amri, baba."

Mama Zuhura, katika maisha yangu nimeamrisha kuku tu, tena wako, nao walikuwa wakisubiri uthibitisho wako. Lakini nikafungua mdomo nikasema, "Wote kaeni chini." Wakakaa. Watu wazima, wengine na mvi zao, wakakaa juu ya miiba kwa neno langu. Sitakudanganya, nilisikia utamu. Ulianzia miguuni ukapanda.

Nilichokuwa nakijua ni kile ninachokiona mnadani: ng'ombe akiswagwa na watu wengi, anakwenda anakotaka yeye. Kwa hiyo nikasema anayesema ni mmoja, na anayetaka kusema aje asemee sikioni mwangu. Nikawagawa. Wenye mikono mipana, kamba. Wawili wenye macho mazuri, wapande jiwe waangalie magogo yanayotoka juu. Wengine wawashe moto na kukusanya nguo kavu. Mtendaji nikamwambia kazi ya kuhesabu waliookolewa inahitaji mtu mwenye cheo, na inafanyika vizuri zaidi kule juu kwenye moto, mbali na kamba. Akakubali, akaenda kwa mwendo wa heshima.

Hamisi alifungua kamba za katani za keria akaziunganisha. Ncha moja akaturushia sisi, nyingine akawarushia watu wa kijiji waliokuwa wamekusanyika ng'ambo, upande tuliotoka. Kule maji yalikuwa yanamfunika mtu, kwetu yalikuwa ya kiunoni. Kwa hiyo abiria wangekuja kwetu wameshika kamba, na kazi ya wale wa ng'ambo ilikuwa kuishika tu iwe imekaza. Mkubwa wao alikuwa Mzee Chilongani, kamanda wa sungusungu, walinzi wa kijiji. Tulimpungia, akatupungia, wakakaza. Kamba ikanyooka kama ya kuanikia nguo.

Sauti haikuwa ikisikika kwa ule mngurumo. Ndipo nikaikumbuka filimbi. Nikawaita wenzangu wa kamba na wale wa kwenye jiwe, nikawapa utaratibu: mlio mfupi, mtu mmoja atoke, mlio mrefu, kila mtu asimame alipo, gogo linakuja. Nikawauliza kama wameelewa. Wakarudia kwa pamoja kama darasa. Hamisi, mlangoni mwa basi, tukamwonyesha kwa vidole, akaitikia kwa kichwa. Niliona kazi nzuri sana.

Wale wa ng'ambo hawakuwa kwenye kikao chetu.

Walitoka wa kwanza, mama na mtoto mgongoni. Akatoka mwingine, na mwingine. Kila nikipuliza, mtu anakuja. Akafuata Bibi Yuditha, mzee mwembamba aliyekuwa akienda hospitali ya Mvumi kutazamwa macho. Alipofika katikati, mtu wa kwenye jiwe akainua mikono yote miwili, gogo. Nikapuliza mlio mrefu, kwa pumzi yangu yote.

Huku, Mama Zuhura, filimbi ndefu ina maana moja, na kila mtoto anaijua: ng'ombe wameibiwa. Nimeishi huku miaka, nimeisikia mara nyingi, na mimi mwenyewe nimewahi kutoka kitandani kwa ajili yake. Na hiyo ilikuwa siku moja baada ya mnada, kila boma lina ng'ombe mpya. Wanaume wote wa ng'ambo waliiacha kamba kwa pamoja, wakaokota marungu yao, wakakimbilia maboma. Hawakuwa na kosa. Walitii amri ya filimbi upesi kuliko sisi.

Kamba ikalegea. Bibi Yuditha akazama. Niliona kitambaa chake cha kichwani kikienda peke yake.

Hamisi alijitupa kutoka mlangoni akamkamata kwa kanga, na maji yakawabamiza wote wawili kwenye ubavu wa basi. Gogo likapita. Walipompandisha kwenye ngazi alikuwa anakohoa, na mkono wake wa kushoto ulikuwa umepinda mahali ambapo mkono haupindi.

Na mimi nimesimama, filimbi mdomoni. Wenzangu wote wananitazama wakingoja amri, kwa sababu nilikuwa nimewafundisha wasifanye kitu bila amri yangu. Sikuwa nayo.

Bibi Yuditha ndiye aliyesema. Tulisimuliwa baadaye na waliokuwa karibu naye.

"Pigeni vigelegele."

"Vigelegele vya nini, bibi, na sisi tunakufa?"

"Ng'ombe wakiibiwa, nani anapiga vigelegele? Pigeni, watajua si wizi."

Wakapiga. Wanawake waliolowa mpaka kifuani, ndani ya basi lililoinama, wakapiga vigelegele kama wanamtoa mwali. Vilivuka maji yale ambayo sauti zetu zote za kiume zilishindwa kuyavuka. Baada ya muda tukamwona Mzee Chilongani anarudi na watu wake, rungu mkononi, amechanganyikiwa. Akakusanya viganja mdomoni akapiga kelele, na upepo ukatuletea:

"Nani anaolewa huko?"

Watu wakaangua kicheko, hata waliokuwa wakilia. Mimi peke yangu pale korongoni nilikuwa na jibu la swali hilo.

Waliishika kamba tena. Filimbi sikuitumia, nilivua koti nikawa nalipunga kama bendera, likipanda mtu atoke, likishuka asimame, na safari hii nilihakikisha Chilongani naye anarudisha ishara kwa rungu lake kabla ya kila mtu kutoka. Wote walifika. Bibi Yuditha alikuja wa mwisho mgongoni kwa Hamisi, kwa kuwa alikataa kutangulia tena. Wakampitisha mbele yangu.

"Wewe mwenye koti. Ile filimbi ulikuwa unaniita mimi au unaita ng'ombe?"

"Nisamehe, bibi."

"Nilikuwa napeleka macho tu hospitali. Sasa na mkono nao umedandia safari."

Akacheka, halafu akalia kidogo kwa maumivu, halafu akaomba uji. Kesho yake asubuhi walimpakia kwenye gari akaendelea na safari yake, mkono umefungwa vijiti. Sijui kama ukiunga utakuwa sawa. Nimemuuliza kila anayetoka Mvumi, hakuna anayemjua. Mwanamke wa umri ule anachota maji kwa mkono gani?

Maji yalipungua jioni ile ile. Sufuria za Zuhura hazikubonyea hata moja, na ninazituma kwa Shekiondo pamoja na barua hii. Sina hata hasara ya kukuonyesha.

Unadhani baada ya filimbi ile watu walinichoka. Hapana. Usiku ule kila aliyesimulia alinipa sifa mpya, na filimbi ikawa mbinu: ati niliwaita sungusungu makusudi waongeze nguvu. Nilikanusha mara moja. Mara ya pili nilitabasamu. Mtendaji akasema taarifa imekwenda tarafani, na Afisa Tarafa atakuja mwenyewe kumshukuru mratibu wa uokoaji mbele ya wananchi, hivyo mratibu asiondoke. Wanakijiji wakavuka, wakaniletea kiti chenye mgongo. Wakanipa kuku. Jumatano watu wawili waliokuwa wakigombea mpaka wa shamba wakaja niwaamue. Alhamisi nikawaamua. Niliketi pale na koti langu, jua kali, nikitoka jasho, kwa sababu nilijua nikilivua nitakuwa mtu wa mitumba tena.

Afisa Tarafa alikuja Ijumaa, mchana, watu wakiwa wanatoka kwenye sala. Nilisalimiana naye kwa mikono miwili.

"Wewe ni wa idara gani, bwana?"

"Nauza mitumba, mheshimiwa."

Alinitazama, akalitazama koti, akacheka vizuri tu, bila ubaya. Halafu akanivuta pembeni akaniuliza kama naweza kumpatia suruali za kiuno kikubwa. Nikamwambia zipo, kwenye belo, Haneti. Tukaanza kuzungumza rangi. Nilikuwa katikati ya kumweleza habari za suruali ya kijivu ndipo nikakumbuka ni saa ngapi, na kwamba saa hiyo huko kwetu shekhe anakaa mkekani na kuuliza walii, baba wa kuozesha, yuko wapi.

Sikumaliza habari ya suruali. Lakini sikuweza pia kufanya jambo lingine lolote. Nilikwenda nikasimama korongoni. Mbuzi walikuwa wamesharudi kulala mchangani.

Mama Zuhura, nimefikiri sana juu ya ule utamu wa miguuni. Nyumbani najua nafasi yangu: nakuja mara moja kwa mwaka, nakuta mmeshapanda, mmeshavuna, mmeshaamua ada za shule na mgonjwa apelekwe wapi, na mimi nakaa barazani napewa chai kama mgeni wa heshima. Siwalaumu, mimi ndiye niliyeondoka, na shirika nililokuwa nimeajiriwa liliponipunguza kazi ningeweza kurudi kulima na nikachagua mitumba. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo lilikuwa halifanyiki bila mimi. Moja tu. Binti yangu aliliweka makusudi, akalishikilia, akaliandika ili nisisahau. Nami nikalibadilisha kwa kiti chenye mgongo.

Koti nalitumia sasa kufunikia belo mvua ikinyesha. Filimbi nilimpa Mzee Chilongani, yeye anajua maana yake.

Nisalimie mama mkwe wangu, mwambie shikamoo yangu aipokee hata kama ataipokea ameangalia pembeni. Mwambie kaka Athumani ahsante kwa kusimama mahali pangu, na kwamba najua alisimama vizuri. Mkwe wetu mpya mpe salamu za mtu ambaye hajamwona uso. Shangazi yake Zuhura asipewe barua hii aisome, msimulie tu, asije akaisomea kisimani. Shekhe mwombe radhi kwa niaba yangu mpaka nitakapoiomba mwenyewe. Kwa Zuhura sijui nitume neno gani. Mpe sufuria. Akikuuliza barua inasema nini, mpe na barua.

Mimi mumeo, niliyekuwa nikiitwa Mratibu kwa siku chache na ninayetaka kuitwa tena Baba Zuhura, ukiona inafaa.

Ramadhani

Bado neno la tatu la simu, nimekwama. Gari lililomchukua Bibi Yuditha Jumatano asubuhi lilikuwa basi la Dodoma. Lilivuka korongo pakavu, likasimama mbele yangu, kondakta akanishikia mlango, na ndani kulikuwa na viti vitupu.